Mfalme Charles Hulipwa na Nani? Hii Hapa Hesabu ya Ganji ya Ikulu, na Venye Wananchi wa Uingereza Wanaiona

Karibu kila mtaa hapa Nairobi kuna msee ako na cuzo Uingereza. Pengine ni nesi Birmingham, pengine anatunza wazee Leicester, pengine anapanga mizigo kwa godauni fulani nje ya London. Kila mwezi huyo cuzo anakatwa ushuru kabla mshahara haujagusa mfuko. Na akiamua kuchukua uraia wa huko, lazima asimame mbele ya watu atamke kwamba atakuwa mwaminifu kwa Mfalme Charles wa Tatu na warithi wake. Warithi pia, manze!

Sasa kuna swali moja wengi wetu hatujawahi kumuuliza: kwa ule ushuru anakatwa, kuna ya mfalme?

Jibu fupi ni ndiyo, lakini si kwa njia unafikiria. Jibu refu ndilo limefanya vijana wengi wa Uingereza waanze kukunja uso. Twende nalo pole pole.

Mfalme hana mshahara, ana asilimia

Charles halipwi mshahara vile rais hulipwa. Serikali ya Uingereza hupatia ikulu ruzuku moja kila mwaka, inaitwa Sovereign Grant. Bunge lilipitisha sheria yake 2011 na ikaanza kazi 2012. Hiyo doo hulipia mambo ya kazi: mishahara ya wafanyakazi wa ikulu, safari rasmi, karamu za wageni wa serikali, na ukarabati wa majumba kama Buckingham na Windsor.

Kiasi cha ruzuku hupimwa kwa faida ya kitu kinaitwa Crown Estate. Hapa ndipo watu hupotea, kwa hivyo skia vizuri.

Crown Estate ni mali kubwa sana: karibu barabara yote ya Regent Street pale London, mashamba, maduka, na hata sakafu ya bahari inayozunguka England, Wales na Ireland Kaskazini. Kwa jina ni mali ya taji. Lakini Charles hawezi kuiuza, na faida yake haiingii mfukoni mwake. Inaenda hazina ya serikali.

Hiyo dili ilipigwa 1760. Mfalme George wa Tatu alikuwa ndio ameingia, na mapato ya ardhi za taji hayakuwa yanatosha kuendesha serikali. Akakubali bunge lichukue mapato yote, naye apewe posho ya kila mwaka. Kila mfalme na malkia aliyefuata ameingia kwa dili hiyo hiyo.

Chukulia ni shamba la ukoo linalosimamiwa na kamati. Jina la babu ndilo liko kwa hati, lakini mahindi yakiuzwa, pesa inashikwa na kamati. Halafu kamati inaangalia mauzo na kumpatia babu asilimia fulani ya kuendesha boma. Sasa uliza: babu anasaidiwa na kamati, ama kamati inakula mali ya babu? Uingereza imebishana hivyo kwa zaidi ya miaka 260. Wanaopenda mfalme husema anarudishia nchi pesa nyingi kuliko anayopewa. Wasiompenda husema hiyo mali ni ya umma tangu kitambo, na jina lililo kwa hati halibadilishi kitu.

Upepo wa baharini ulivyoomosha ikulu

Mwanzoni ruzuku ilikuwa asilimia 15 ya faida ya Crown Estate ya miaka miwili nyuma. Mwaka wa 2017 ikapandishwa hadi 25, kwa sababu Buckingham Palace ilikuwa imechoka: nyaya za stima, mabomba ya maji, mitambo ya kupasha nyumba joto, vitu vingine havijabadilishwa tangu miaka ya 1950. Bajeti ya hiyo kazi ni pauni milioni 369 kwa miaka kumi. Ukipiga pauni moja kwa shilingi 170 hivi, unaongea kama bilioni 63 za Kenya.

Halafu kukatokea kitu ambacho hakuna mtu wa 1760 angekisia. Kampuni za umeme wa upepo zikaanza kung'ang'ania mahali pa kusimamisha mitambo baharini. Na sakafu ya bahari iko chini ya nani? Crown Estate. Faida ikapanda hadi pauni bilioni 1.1 kwa mwaka wa 2023-24.

Serikali ilikuwa imeona hiyo noma ikikuja, ikashusha asilimia hadi 12. Lakini 12 ya kitu kikubwa bado ni kitu kikubwa. Ruzuku iliruka kutoka pauni milioni 86.3 hadi milioni 132.1 kwa mwaka wa 2025-26. Hiyo ni kama bilioni 22 na nusu za hapa.

Na kuna kifungu ndani ya hiyo mpango ambacho kimeudhi watu sana: ruzuku ikipigwa hesabu haiwezi kushuka chini ya ile ya mwaka uliopita. Biashara ikinoga, ikulu inapanda nayo. Biashara ikilala, ikulu inabaki pale pale. Ebu mwambie mdosi wako akuandikie kandarasi ya aina hiyo, uone kama hatacheka.

Watetezi wako na majibu yao. Wanasema sehemu kubwa ya nyongeza ni ya kumaliza kazi ya Buckingham, ambayo imepangiwa kuisha 2027, na ikulu yenyewe si nyumba ya Charles binafsi, ni ya nchi. Pia ikulu hupenda kugawa ruzuku kwa idadi ya watu. Ukigawa hiyo milioni 132.1 kwa Waingereza wote, kila mtu analipa chini ya pauni mbili kwa mwaka, kama shilingi 320. Hiyo ni chipo kuku moja tao. Ukiskia hivyo, unaweza kushangaa kelele ni ya nini.

Mifuko miwili ya pembeni

Kelele ni kwa sababu ruzuku ndiyo sehemu inayoonekana. Kando yake kuna mifuko mingine miwili ya zamani.

Mmoja ni Duchy of Lancaster, wa mfalme. Mwingine ni Duchy of Cornwall, wa mrithi wa kiti, ambaye sasa ni Prince William. Huu wa Cornwall uliundwa 1337. Ni mashamba, majengo na uwekezaji, na kila mmoja humletea mwenyewe zaidi ya pauni milioni 20 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya bilioni tatu za Kenya kwa kila mmoja, nje ya ruzuku.

Hii mifuko hailipi ushuru wa kampuni. Charles na William hulipa ushuru wa mapato, lakini kwa hiari. Charles akiwa mrithi alikuwa anatangaza amelipa ngapi. William amechukua kiti cha mrithi na hatangazi. Na Charles aliporithi mali ya mamake 2022, hakulipa ushuru wa urithi, kwa sababu kuna makubaliano ya 1993 kwamba mali ikitoka kwa mtawala mmoja kwenda kwa mwingine haiguswi. Mwananchi wa kawaida, akirithi zaidi ya pauni 325,000, sehemu iliyozidi inaweza kukatwa asilimia 40.

Mwaka wa 2024 gazeti la Sunday Times na televisheni ya Channel 4 zikachimba nani hasa analipa kodi kwa hii mifuko. Mambo yaliyotoka yaliuma. Jela ya Dartmoor, kwa mfano, imejengwa kwa ardhi ya Duchy of Cornwall, na wizara ya haki inalipa pauni milioni 1.5 kwa mwaka. Wakati stori inatoka, jela ilikuwa tupu! Wafungwa walikuwa wameondolewa kwa sababu ya gesi hatari ya radoni, lakini kodi inaendelea. Hospitali moja kubwa ya umma London nayo ilikuwa imekubali kulipa Duchy of Lancaster pauni milioni 11.4 kwa miaka 15, ili ipate mahali pa kuegesha ambulensi.

Kwa hivyo fuata hiyo doo: cuzo wako anakatwa ushuru, ushuru unaenda hospitali, hospitali inalipa kodi, kodi inafika kwa mfuko wa mfalme. Hiyo haihesabiwi kwa zile pauni mbili za ikulu.

Na kuna hii. Mtu akifa maeneo ya Lancaster bila wosia na bila jamaa yeyote, mali yake huenda kwa Duchy of Lancaster. Akifia Cornwall vivyo hivyo, inaenda Duchy of Cornwall. Hiyo ni sheria ya karne nyingi. Duchy husema pesa hizo, gharama zikitolewa, hupewa mashirika ya misaada. Lakini 2023 gazeti la Guardian lilionyesha kwamba nyingine zilitumika kukarabati nyumba ambazo Duchy ya Lancaster inapangisha kwa faida.

Gharama ambazo hutaoneshwa

Kitu kingine hakiko kwa ruzuku ni ulinzi. Polisi wanaolinda familia ya kifalme hulipwa na serikali, na kiasi hakitangazwi, kwa sababu ya usalama. Kikundi cha Republic, kinachotaka nchi iwe na rais wa kuchaguliwa, kilipiga hesabu yake 2024 kikasema gharama yote kwa mwaka inapita pauni milioni 500. Wanaopinga hesabu hiyo husema Republic imepuliza namba kwa kuweka ndani mapato ya Duchy zote mbili. Lakini hakuna upande unaoweza kumaliza ubishi, kwa sababu bili ya ulinzi imefungwa.

Mambo makubwa pia huja na bili zake. Mazishi ya Malkia Elizabeth 2022 na maombolezo yake yaligharimu serikali karibu pauni milioni 162. Kutawazwa kwa Charles Mei 2023 kuligharimu milioni 72.

Kusema ukweli, ruzuku yenyewe hukaguliwa na mkaguzi wa serikali, na ripoti hutolewa kila mwaka mtu yeyote akasoma. Lakini ikulu haiko chini ya sheria ya mwananchi kuomba habari, ile ambayo hugusa wizara na kaunti zao. Hata wosia zao hufungwa mahakamani. Wa Prince Philip, mumewe Malkia, ulifungwa kwa miaka 90.

Mtaani wanasemaje?

Ukisikiza Waingereza wa kawaida, utapata mbogi tatu.

Ya kwanza ni ya "wacha mzee akae." Wengi wao ni wa umri mkubwa. Hoja yao si ya kijinga. Wanasema wanasiasa huja na kuondoka, wanagawanya watu, lakini mfalme hana chama na haombi kura. Wanasema hata rais wa kuchaguliwa angehitaji ikulu, walinzi na ndege, kwa hivyo gharama haingeisha. Na wanasema taji linaleta watalii. Hiyo ya watalii ndiyo hupigwa sana, kwa sababu Ufaransa ilifukuza wafalme kitambo na bado jumba la Versailles linajaa wageni.

Ya pili ni ya mabango ya njano yaliyoandikwa "Not My King," yaani si mfalme wangu. Siku ya kutawazwa London, polisi walikamata watu 64, wakiwemo viongozi wa Republic waliokuwa wakishusha mabango asubuhi. Baadaye hao viongozi waliachiliwa bila mashtaka, na polisi wakasema wanasikitika. Kwa vijana wengi waliokuwa wakiangalia kwa simu, hiyo iliongea zaidi ya hotuba yoyote.

Ya tatu ni ya "sina shughuli." Hawachukii mfalme na hawampendi. Hawa ndio wanapaswa kuwapa ikulu wasiwasi, kwa sababu wengi wao ni vijana.

Angalia namba. Mwaka wa 1983, utafiti wa British Social Attitudes ulipata watu 86 kwa kila 100 wakisema ni muhimu nchi iwe na ufalme. Kwa matokeo yaliyotolewa 2025, walikuwa wamebaki 51. Kura ya maoni ya YouGov kwa BBC kabla ya kutawazwa ilipata asilimia 58 wanataka ufalme na 26 wanataka rais. Lakini kwa vijana wa miaka 18 hadi 24, ufalme ulipata 32 na rais 38.

Namba tamu zaidi ni hii: mwezi huo huo, asilimia 51 walisema serikali haifai kulipia sherehe ya kutawazwa. Linganisha na hao 58 wanaotaka ufalme. Kuna Waingereza wengi wanampenda mfalme na bado hawataki kumlipia harusi yake na kiti. Na usisahau wakati. Machi 2023 bei ya chakula kule ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja. Watu walikuwa wanapanga foleni za chakula cha msaada, na kodi ya nyumba London imewafanya vijana wa miaka 30 wakae kwa mathe. Halafu kwa runinga unaona gari la dhahabu linavutwa na farasi.

Wananchi wakipiga nduru, ikulu huskia

Kuna kitu historia inaonyesha wazi. Mambo mengi ya pesa za ikulu yamebadilika baada ya watu kukasirika, si kwa sababu ikulu iliamka siku moja ikaona vyema.

Novemba 1992 jumba la Windsor lilishika moto. Serikali ikakimbia kusema umma utalipa ukarabati. Nchi ilikuwa kwa hali mbaya ya uchumi, watu wanapoteza nyumba, na wakakataa kabisa. Ndani ya muda mfupi Malkia alitangaza kwamba ataanza kulipa ushuru wa mapato, na 1993 Buckingham Palace ikafunguliwa kwa watalii wa kulipa ili kusaidia kugharamia Windsor. Hadi leo watu wanaingia kwa tiketi.

Oktoba 2025 ikawa zamu ya Andrew, ndugu ya mfalme. Hasira kwake ilikuwa ya muda mrefu kwa sababu ya urafiki wake na Jeffrey Epstein, ingawa Andrew amekana kufanya makosa. Halafu ikatoka mkataba wa nyumba yake, Royal Lodge, iliyo kwa ardhi ya Crown Estate. Mwaka wa 2003 alilipa pauni milioni moja mwanzoni na akagharamia ukarabati wa milioni 7.5. Baada ya hapo, kodi ya kila mwaka ni punje moja ya pilipili manga, tena ikidaiwa. Kwa miaka 75! Fikiria ukimwambia caretaker wa ploti yako kwamba mwezi huu utalipa na pilipili. Tarehe 30 mwezi huo huo ikulu ikatangaza kwamba Andrew anavuliwa jina la prince na anaondoka kwa hiyo nyumba.

Sisi tunahusika wapi?

Zaidi ya venye unafikiria. Elizabeth alikuwa hapa Kenya, amelala Treetops kule Aberdare, usiku babake alipofariki Februari 1952. Alipanda kule juu akiwa binti mfalme, akatoka Kenya akiwa malkia. Na baada ya uhuru, kuanzia 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964 tulipokuwa jamhuri, yeye ndiye alikuwa bado kiongozi wa nchi hii kisheria, Malkia wa Kenya. Wengi hatukufunzwa hiyo kwa darasa.

Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Hiyo pesa ilitoka kwa serikali, yaani kwa mlipa ushuru wa Uingereza. Charles alipokuja Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023, alisema ukatili ule hauna kisingizio, lakini msamaha rasmi hakuomba. Kwa hivyo yule nesi wa Kenya anayekatwa ushuru Birmingham yuko upande wa kulipa kwa zote mbili, ya taji na ya makosa yaliyofanywa kwa jina la taji.

Na ukitoa taji na farasi, mjadala wao ni ule wetu. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na moja ya maswali makubwa lilikuwa: pesa yetu inaenda wapi? Julai 5 rais akatangaza kuondolewa kwa bajeti za ofisi ya mke wa rais na ya mke wa naibu wake. Si bajeti zingemaliza deni la taifa. Watu walitaka kuona kwamba wakubwa pia wanaweza kukatwa.

Vijana wa Uingereza wako hapo. Wachache wanaamini kwamba kuondoa mfalme kutashusha kodi ya nyumba. Zile pauni mbili wangeweza hata kumwachia. Kinachowachoma ni kwamba wao mshahara wao unajulikana hadi senti ya mwisho, ushuru wao si wa hiari, na risiti ya mkubwa ndiyo imefungwa kabatini.

Kwa sasa Charles haendi popote. Wengi bado wanamtaka, na hakuna chama kikubwa kinachotaka kura ya kumwondoa. Lakini wale wa miaka 18 wa leo ndio watakuwa walipa ushuru William akikaa kwa kiti.

Wewe ungekuwa Mwingereza, ungemlipia mfalme hiyo chipo kuku kwa mwaka, ama ungedai risiti kwanza? Na kama una cuzo huko, mpigie umuulize alisikia aje siku ya kuapa.